Okidi Iliyosinyaa: Swali la Mizizi na Maji

Tuseme swali limekuja hivi: "Okidi iliyopandwa kwenye chungu chenye udongo ilimwagiliwa kila siku. Baada ya miezi kadhaa majani yake yalisinyaa. Eleza sababu, kisha onyesha namna ya kuuokoa mmea huo." Watahiniwa wengi hukimbilia kuandika kwamba mmea umekosa maji, hivyo uongezewe. Ushauri huo utaumaliza kabisa.

Ni kweli majani yamekosa maji, lakini chanzo kiko mizizini. Okidi nyingi za nchi za joto, zikiwemo zinazouzwa kwenye vyungu mijini, kwa asili huota juu ya matawi ya miti. Haziunyonyi mti chakula, kwa hiyo usiziite vimelea, utapoteza alama. Mizizi yake huwa hewani, imevikwa tabaka la seli zilizokufa ambalo hufyonza maji ya mvua kama sifongo, kisha hukauka upesi. Mzizi mkavu huwa na rangi ya kijivu. Ukilowa hugeuka kijani, kwa kuwa klorofili iliyo chini ya tabaka hilo huonekana. (Wanafunzi wa Kagera mnao mfano shambani: vanila nayo ni okidi, na mizizi yake ya hewani hushika mti unaoiegemeza.)

Sasa ushindilie mzizi huo kwenye udongo usiokauka. Maji hujaza nafasi za hewa, oksijeni hupungua, seli hai hushindwa kupumua, mzizi huoza. Mzizi uliooza haufyonzi maji, hivyo mmea hufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji. Katika jibu lako usiishie kwenye "mizizi ilioza". Andika mfuatano wote, hatua kwa hatua.

Ili kuuokoa, ng'oa mmea taratibu na ubonyeze mizizi kwa vidole. Iliyo migumu ni hai, iache. Iliyo laini na ya kahawia ikate kwa wembe uliosafishwa kwa spiriti. Panda upya katika vipande vya magome ya mti vilivyochanganywa na mkaa, kwenye chungu chenye matundu, mahali penye mwanga lakini si jua kali. Mwagilia pale tu mizizi inaporudia rangi ya kijivu, na maji yote yachuruzike. Mbolea isubiri mizizi mipya, nayo iwe kidogo sana. Usitazamie majani ya zamani kunyooka. Dalili ya kupona ni ncha mbichi ya mzizi au jani jipya, na huenda ukangoja miezi.

Jipime
1. Kwa nini chungu cha okidi kinachopitisha mwanga humsaidia mtunzaji kujua wakati wa kumwagilia? (Alama 3)
2. Mahindi yaliyofurikiwa na maji kwa siku nyingi husinyaa. Tumia maelezo ya hapo juu kueleza sababu. (Alama 5)