SOMO LA 9: CHEKECHE LA KOPO

Katika fukwe za Ziwa Tanganyika, kama vile Kibirizi karibu na mji wa Kigoma, wavuvi huvua dagaa usiku kwa kutumia taa. Asubuhi dagaa huanikwa juani. Wakianikwa juu ya mchanga, mlaji huusikia mchanga huo kati ya meno yake. Je, tunaweza kuutenganisha na dagaa?

Mahitaji: makopo mawili matupu, msumari wa unene wa milimita 4 hivi na mwingine wa milimita 2 hivi, nyundo, kipande cha gogo, karatasi, mchanga wa ufukweni na dagaa wakavu.

Fanya hivi:

1. Visha kopo la kwanza kwenye gogo, kitako kikiwa juu. Toboa matundu mengi kwa msumari mnene. Toboa kopo la pili kwa msumari mwembamba. Angalia! Kingo za matundu ni kali upande wa ndani, usiingize vidole.

2. Tia mchanga mkavu katika kopo la kwanza, ulitikise juu ya karatasi. Chembe zilizopita zitie katika kopo la pili, ulitikise vilevile.

Umepata mafungu mangapi? Ni matatu: changarawe kubwa, changarawe ndogo na mchanga. Chembe hupita ikiwa ni ndogo kuliko tundu. Wataalamu wa udongo huziita changarawe chembe zinazozidi milimita 2.

3. Rudia kwa mchanga uliolowa. Hupita kwa shida, kwa sababu maji hushikamanisha chembe.

4. Sasa tia dagaa katika kopo la kwanza, utikise.

Mchanga mwingi huanguka. Lakini mpapase dagaa mmoja kwa kidole. Bado ana mchanga! Alipoanikwa alikuwa mbichi, na alipokauka mchanga uliganda katika ngozi yake. Chekeche hutenganisha vitu vilivyoachana. Haliwezi kubandua vilivyogandana.

Kwa hiyo ni bora kuanika dagaa juu ya vichanja vya wavu. Hapo mchanga hauwafikii, na upepo hupita juu na chini yao wakakauka upesi.

Maswali

1. Kwa nini mchanga wa kuchekechwa huanikwa kwanza?
2. Unga wa muhogo ukichekechwa, ni nini hubaki katika chekeche?
3. Ungetoboa matundu ya ukubwa gani ili kutenganisha maharage na mchanga? Eleza sababu.