Kipandikizi cha Uume: Kazi ya Muuguzi Kabla na Baada ya Upasuaji

Katika kliniki za kisukari na presha, kuna swali ambalo wanaume wengi huliacha hadi mwisho. Mgonjwa amepimwa, amepewa dawa, tayari ameshika kofia yake, ndipo anapomwambia muuguzi kwa sauti ya chini kwamba uume hausimami tena. Wengine hawasemi kabisa. Huacha dawa za presha wakidhani ndizo zilizowaharibu, au hununua sokoni tembe ambazo hakuna anayejua zimetengenezwa na nini.

Mwanamume wa miaka 58 aliyezaliwa na kutahiriwa hapa Kericho au Bomet hapati urahisi kulizungumza jambo hili mbele ya muuguzi aliye na umri wa binti yake, pengine binti wa rika lake hasa. Muuguzi mzoefu analijua hilo. Hufunga mlango, humwita mgonjwa “baba” au “mzee”, na huuliza yeye mwanzo: “Kisukari huwa kinasumbua pia nguvu za kiume. Wewe hali ikoje, baba?” Mgonjwa akitaka kuzungumza na muuguzi wa kiume, ana haki ya kuomba. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri zake.

Swali hilo lina uzito kuliko aibu yake. Uume husimama kwa kujaa damu, na kisukari, presha na sigara huharibu mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo tatizo linaweza kuonekana hapo kwanza, kabla ya moyo kulalamika. Matibabu huanzia kwenye sukari, presha, sigara na pombe, kisha dawa za kumeza ambazo daktari huandika. Dawa hizo hazichanganywi kamwe na dawa za nitrati wanazopewa wenye maumivu ya kifua. Presha inaweza kushuka ghafla na mtu akafa.

Kipandikizi huja njia nyingine zikishindwa. Si kitu kipya: kile cha kujazwa maji kilianza kutumika mwaka 1973, kazi ya Dkt. F. Brantley Scott na wenzake huko Houston, Marekani. Mirija miwili huwekwa ndani ya uume, pampu ndogo ndani ya korodani, na kifuko cha maji ya chumvi tumboni. Mwanamume akibonyeza pampu, maji huingia kwenye mirija na uume husimama, akimaliza, huyarudisha. Kuna pia aina rahisi zaidi, vijiti viwili vinavyokunjwa kwa mkono.

Hapa ndipo muuguzi anapohitajika kusema ukweli wote kabla ya mtu kuuza ng’ombe. Kipandikizi hakiongezi urefu. Hakileti hamu kwa asiyekuwa nayo. Hisia kwenye ngozi na kufika kileleni kwa kawaida hubaki vilivyokuwa. Na hakuna kurudi nyuma: kikitolewa baadaye, uume hautasimama wenyewe kama zamani. Mke akikubali kuja, ni vyema ayasikie haya pamoja na mumewe, maana nyumba nyingi zimegombana kwa kutarajia kisichokuwepo. Kuhusu gharama na bima, uliza hospitali itakayokupasua kabla ya kukubali tarehe.

Sukari ikiwa juu, upasuaji huahirishwa, na mgonjwa asilichukulie kama kunyimwa. Bakteria wakishika kifaa, dawa pekee mara nyingi hazitoshi, kifaa hutolewa. Ndiyo sababu muuguzi hupima mkojo, hukagua vidonda na vipele vya ngozi, na huomba mgonjwa asijinyoe kwa wembe nyumbani. Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe zote, na miti shamba pia.

Upasuaji hufanywa na daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, na kwa wengi maana yake ni barua ya rufaa na safari. Kutoka Kericho hadi Nairobi ni takriban kilomita 260. Kazi ya chumba cha upasuaji ni ya saa chache, lakini kidonda hurudi nyumbani, na muuguzi wa zahanati ndiye atakayekitazama. Mpe barua uliyopewa ulipotoka hospitalini. Akiisoma ataelewa upesi, na hutalazimika kueleza mambo upya mbele ya foleni.

Mpira wa mkojo mara nyingi hutolewa siku inayofuata. Uvimbe na michubuko ni kawaida siku za mwanzo. Uume huelekezwa juu kuelekea kitovu, na chupi ya kubana husaidia. Muuguzi hufundisha namna ya kuivuta pampu chini taratibu ili isipande juu. Mazoezi ya kujaza na kutoa maji huanza wiki chache baadaye, kwa ruhusa ya daktari, na watu wengi hukosea mara ya kwanza. Tendo la ndoa hungoja takriban wiki 6. Kikapu cha majani chai na gunia pia vingoje. Bodaboda vilevile. Anayehitaji cheti cha kupumzika kazini anaweza kuomba kiandikwe “amefanyiwa upasuaji” bila kutaja wa nini.

Homa, usaha, wekundu unaosambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kushindwa kukojoa ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo, hata usiku. Mwenye kisukari asingoje maumivu makali, kwani mishipa yake ya fahamu inaweza isimwambie. Wanaochelewa kwa kuona haya ndio hupoteza kifaa, na makovu yanayobaki hufanya kukiweka kingine kuwa kazi ngumu.

Kadi ya kifaa inayotolewa hospitalini iwekwe pamoja na kitambulisho. Siku yoyote, hata miaka kumi baadaye, mhudumu wa afya akitaka kuweka mpira wa mkojo, aonyeshwe kadi hiyo kwanza, ili maji yatolewe kwenye mirija kabla hajaanza.