Gea Kwanza, Moto Baadaye

Sisi tukaao kando ya Ziwa Victoria, upande wa Uganda, tumezoea kuona mashua zenye injini ya kupachika nyuma. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kurekebisha waya zake? Siku moja nilipanda mashua iliyokuwa ikirudi nchi kavu. Nahodha aliurudisha mkono wa kuendeshea katikati, lakini gea haikutoka. Mashua ikazidi kwenda mpaka ikagonga mawe, na watoto waliokuwa wakioga wakaponea chupuchupu. Kisa chake kilikuwa nati moja iliyolegea.

Mkono huo huvuta waya mbili. Ukiusukuma kidogo, waya ya kwanza huingiza gea. Ukiusukuma zaidi, waya ya pili hufungua kilango cha hewa, na injini huongeza moto. Moto ukitangulia gea, meno ya gea hugongana kwa nguvu na kuharibika upesi. Kwa hiyo hapana budi kurekebisha gea kwanza. Fuata utaratibu huu:

1. Zima injini, toa kamba ya usalama, kisha chomoa waya za plagi. Usishike rafadha kabla ya kufanya hivyo, kwani injini ikishtuka yaweza kukukata vidole.

2. Weka mkono katikati, kisha fungua waya ya gea kwenye injini. Weka gea ya injini katikati pia. Rafadha sasa yapasa kuzunguka kwa uhuru pande zote mbili.

3. Zungusha kichwa cha waya mpaka tundu lake likae juu ya pini bila kuvutwa wala kusukumwa. Ukilazimika kutumia nguvu, bado hujapata kipimo. Uzi wa skrubu uingie vya kutosha ndani ya kichwa. Vitabu vingine vya injini hutaka usipungue milimita 8. Ukiingia kidogo tu, waya yaweza kuchomoka ukiwa ziwani. Kisha kaza nati.

4. Mwenzako na aingize gea ya mbele polepole, huku wewe ukiizungusha rafadha kwa mkono ili meno yakutane. Ikishika, haitazunguka tena kwa uhuru pande zote mbili. Jaribu vivyo hivyo gea ya nyuma, kisha urudi katikati.

5. Sasa shika waya ya moto. Mkono ukiwa katikati, kilango cha hewa kiwe kimefungwa mpaka kwenye kituo chake. Funga waya kwa njia ile ile ya pini na nati. Mkono ukisukumwa hadi mwisho, kilango kifunguke chote.

Baada ya hayo, rudisha waya za plagi na kamba ya usalama, uijaribu injini majini, mashua ikiwa imefungwa imara. Usiiwashe pakavu, maana maji ndiyo yanayoipoza. Igeuze kushoto na kulia: mlio wake ukibadilika, waya inavutwa mahali fulani, nawe urudie kazi.

Kazi hii yahitaji spana na subira tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI
1. Kwa nini gea hurekebishwa kabla ya moto?
2. Utajuaje kwamba gea imetoka kabisa?