Mapafu na Vumbi la Mawe

Mwanafunzi wa uganga hufundishwa mapafu, damu na moyo kila kimoja peke yake, kisha huonyeshwa kuwa vyote ni kazi moja. Nawe mchimbaji ujue hivyo. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana, kadiri ya milioni 300 au zaidi. Hapo damu huchukua hewa safi. Vumbi kubwa la mawe hunaswa puani. Lile lisiloonekana kwa macho ndilo hufika vifukoni na kuacha makovu, na moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Ugonjwa huo, silikosi, mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 10 na zaidi. Hauponi, tena hukifungulia kifua kikuu mlango. Toboa mwamba kwa maji, hata ukilowa. Mama, baba akihema kwa mwendo mfupi tu, asingoje: aende hospitali kupigwa picha ya kifua.