Meno ya Kahawia kwa Watoto: Je, Yanatibika?

Wazazi wengi mkoani Simiyu huona meno ya kudumu ya mtoto yakiota na mabaka meupe kama chokaa, ambayo baadaye hugeuka kahawia. Mtoto hugombezwa kwamba hapigi mswaki. Shuleni hutaniwa, naye hujizoeza kucheka huku amefunika mdomo. Tumwondolee lawama hiyo kwanza, maana mswaki hauhusiki.

Jino la kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla halijaonekana. Meno ya mbele huanza kujengwa katika mwaka wa kwanza, na ganda la meno yote, isipokuwa magego ya mwisho, huwa limekamilika mtoto akifikia takriban miaka 8. Akimeza madini ya floraidi kwa wingi katika kipindi hicho, ganda hilo halikomai vizuri, hubaki na vitundu vidogo sana. Rangi ya kahawia huingia humo jino likishaota.

Floraidi hutoka hasa katika maji ya visima. Kiwango cha juu kinachokubalika leo nchini ni miligramu 1.5 kwa lita, ingawa miaka ya 1970, kwa shida ya maji vijijini, iliruhusiwa hadi miligramu 8. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakupunguzi floraidi. Tena kuna magadi. Madaktari wa meno waliofanya utafiti Tanzania miaka ya 1990 waliyahusisha magadi ya kulainishia maharage na makande na mabaka ya meno, hata mahali ambapo maji yenyewe hayana floraidi nyingi. Akina mama, hili liko mikononi mwenu: loweka maharage usiku kucha, uache magadi.

Na matibabu? Kwa mabaka ya juujuu, daktari wa meno husugua ganda kwa tindikali iliyopimwa pamoja na unga laini. Njia nyingine, iliyoingia sokoni kutoka Ujerumani mwaka 2009, hupenyeza utomvu mwembamba ndani ya vitundu, kisha huugandisha kwa mwanga. Hufaa zaidi mabaka meupe kuliko kahawia iliyozama. Jino lililoharibika sana hufunikwa kwa kijazio chenye rangi ya jino. Hakuna hata njia moja inayoliotesha ganda upya. Basi wanaosugua meno ya watoto kwa mchanga au maji ya betri wanamaliza hata kile kidogo kilichobaki.

Kuna kasoro nyingine inayotoka mikononi mwa watu. Mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, wengine husema ana “meno ya plastiki”, wakamchimba ufizi. Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi. Mtoto hutoka damu, huweza kupata maambukizo na hata kufa, na jino la kudumu lililo chini huweza kuota likiwa na ganda bovu. Mtoto huyo apelekwe zahanati.

Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kuchuja floraidi. Mifupa kwetu haikosi, ila lazima ichomwe kitaalamu, la sivyo maji hunuka. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu ulipata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017. Mahali bomba halijafika, kamati ya maji iombe kisima kipimwe. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Yakiwa hayatoshi familia nzima, yachemsheni na kuwatengea walio chini ya miaka 8.