Mwasumini wa Nyumbani

Jua likishazama, pita katika vichochoro vya Unguja, Pemba, Mombasa au Lamu. Mara nyingi utasikia harufu ya asumini kabla hujauona mti wenyewe. Huenda nyumba hiyo haina kitu kingine cha kujivunia. Lakini ina mwasumini mlangoni, na kila apitaye anajua.

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako upo mwasumini? Kama haupo, somo hili ni lako. Kama upo lakini unatoa majani tu, somo hili ni lako pia.

Asumini ni ua dogo jeupe. Asili ya mti wake ni India na nchi za jirani zake. Jina tumelipata kwa Waarabu, wanaosema yasmini. Ua hili linapendwa katika nchi nyingi. Nchini Ufilipino lilitangazwa kuwa ua la taifa mwaka 1934. Wachina huchanganya maua yake na majani ya chai ili chai inukie. Sisi wa pwani tunalitunga. Tunatunga makoja ya harusi, na tunalitia katika kikuba pamoja na mrehani na mkadi.

Kwa hiyo mwasumini si pambo tu. Mama mwenye miti michache iliyotunzwa vizuri anaweza kuuza matumba kila jioni wakati wa maua. Pesa hizo si nyingi, lakini zinaingia bila kutoka nyumbani.

Kabla ya kununua

Nitakueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Siku moja nilinunua miche mitatu ya mwasumini kwa mtu aliyekuwa akiiuza njiani. Ilikuwa katika makopo, na kila mmoja ulikuwa na maua juu. Nilifurahi sana. Niliilipia bila kuuliza neno.

Baada ya siku tano miche miwili ilinyauka. Niliivuta, ikatoka kama kijiti kinavyotoka kwenye mchanga. Haikuwa na mzizi hata mmoja. Yalikuwa matawi yaliyokatwa asubuhi ile na kuchomekwa udongoni. Mche wa tatu uliishi. Niliumwagilia maji mwaka mzima. Ulitambaa mpaka juu ya paa, ukatoa maua membamba, kisha ukazaa vitunda vyeusi. Kumbe ulikuwa asumini ya porini, ambayo wengine huiita afu. Shemeji yangu alinicheka mpaka leo hajanyamaza.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutazama. Nawe tazama hivi.

Kwanza, tazama jani. Jani la mwasumini wa nyumbani ni moja zima, la mviringo kidogo, na linang'aa. Kwa kawaida majani hukaa mawili mawili, moja likielekea upande huu na lingine upande ule. Ukiona kikonyo kimoja chenye vijani vitatu, huo ni wa porini. Usiununue kwa kudhani ni wa nyumbani.

Pili, tazama mizizi. Muombe muuzaji ruhusa. Shika shina chini kabisa, ulitikise polepole. Mche wenye mizizi haulegei. Kama uko katika kiriba, geuza chini yake, utazame matundu ya kutolea maji. Mara nyingi utaona ncha za mizizi myeupe. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Akikataa, na wewe kataa.

Kama mizizi inaonekana, itazame kama ina vinundu, kama shanga zilizotungwa. Vinundu hivyo ni kazi ya minyoo midogo sana isiyoonekana kwa macho. Minyoo hiyo huishi katika udongo na hunyonya mizizi. Mche kama huo utadumaa. Tena utaleta minyoo hiyo katika bustani yako, na itashambulia nyanya na bamia zako. Huu ndio ubaya mkubwa. Mche uliokufa unapoteza bei yake tu, lakini mche wenye vinundu unaharibu na udongo uliokuwa mzima.

Tatu, geuza majani utazame upande wa chini. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, hao ni wadudu. Ukiona utando mwembamba na majani yaliyopauka, huo ni utitiri. Chagua mche mwingine.

Usivutwe na maua mengi juu ya mche mdogo. Mche mfupi wenye matawi matatu au manne yanayotoka chini ni bora kuliko mche mrefu wenye tawi moja na maua yake.

Pia uliza: asumini hii ni ya namna gani? Ziko namna zaidi ya moja. Iko ya petali chache, yaani vijani vyeupe vya ua vilivyopangwa safu moja. Na iko ya petali nyingi zilizobanana, kama waridi dogo. Hii ya pili inapendeza sana kuitazama, lakini mti wake hukua polepole na maua yake ni machache. Kama unataka kutunga na kuuza, panda ya petali chache.

Jambo la mwisho kuhusu kununua ni hili. Ukiletewa mbegu za mwasumini katika karatasi, usinunue. Mwasumini wetu wa nyumbani kwa kawaida hauzai mbegu. Miti hii yote imetokana na matawi ya miti mingine, mkono kwa mkono, tangu zamani.

Mche usio na bei

Kwa sababu hiyo, huenda huna haja ya kununua kabisa. Je, jirani yako ana mwasumini unaotoa maua mengi? Nenda jioni, umuamkie, umuombe matawi machache. Wengi hawanyimi. Tena mti wa jirani umeuona kwa macho yako ukitoa maua. Mche utakaotoka kwake utakuwa sawasawa na mama yake. Mimi naona hii ndiyo njia bora kuliko zote.

Chagua tawi ambalo si changa sana na si gumu sana. Likipindwa lipinde, lisivunjike upesi. Kata vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Kifundo ni mahali majani yanapotokea. Tumia kisu kikali na safi. Ondoa majani ya chini, uache mawili ya juu. Kama ni makubwa, yakate nusu, ili kipande kisipoteze maji mengi.

Jaza kopo lililotobolewa chini. Tia mchanga na udongo mweusi, nusu kwa nusu. Usichukue mchanga wa pwani, kwa sababu una chumvi. Chomeka kila kipande mpaka vifundo viwili vifunikwe. Shindilia kwa vidole. Weka kopo kivulini na unyeshee kidogo kila siku. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Baada ya wiki nne mpaka sita, vipande vilivyoshika vitaanza kuchipua. Usivivute kila siku kuona kama vimetoa mizizi! Ukivivuta unaikata. Vingine vitakufa, kwa hiyo chomeka vingi kuliko unavyohitaji.

Iko njia nyingine kwa mwenye subira. Kama mti wa jirani una tawi refu la chini, mwombeni mlilaze pamoja. Kwaruza gome kidogo upande wa chini wa tawi, karibu na kifundo. Lifukie hapo kwa udongo, ncha ibaki nje, na uweke jiwe juu lisiinuke. Baada ya miezi miwili au mitatu, au zaidi kidogo, tawi litakuwa na mizizi yake. Likate, uende nalo. Njia hii haipotezi miche mingi, kwa sababu tawi linanyonya kwa mama yake mpaka linapoweza kujitegemea.

Kupanda

Panda mwanzo wa mvua za masika. Chagua mahali penye jua karibu kutwa nzima. Mwasumini uliopandwa chini ya mwembe utaishi, lakini utakupa majani. Usipande mahali palipokuwa na nyanya zilizodumaa.

Chimba shimo la nusu mita kwenda chini na nusu mita upana. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kutoka mti mmoja hadi mwingine acha hatua moja kubwa na nusu, ili uweze kupita ukichuma. Mwagilia maji. Weka uzio wa miti au makuti, maana mbuzi hawajui kwamba huu ni mti wa harusi.

Usiogope kukata

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hukosea. Wanapanda vizuri, wanamwagilia, mti unakua mpaka unashinda dirisha. Kisha maua yanapungua kila mwaka. Wanasema mti umezeeka au umepatwa na jicho la watu. Siyo. Mti haukukatwa.

Ua la mwasumini hutoka katika ncha ya chipukizi jipya. Tawi la zamani ambalo halichipui halitoi maua. Ukikata tawi moja, hutoa machipukizi mawili au matatu, na kila chipukizi huleta matumba yake. Basi, anayekata ndiye anayechuma.

Nilipomuona bibi mmoja jirani yangu akiukata mwasumini wake, nilidhani amekasirika. Alishika panga kali akaushusha mpaka chini ya kiuno. Vikabaki vijiti tu. Mvua ziliponyesha, mti ule ulifunikwa na machipukizi, na muda si muda tukaanza kutumwa kwake kuchuma.

Kila mwaka, kabla ya masika kuanza, pogoa mwasumini wako mpaka ubaki karibu nusu mita kutoka ardhini. Kwanza ondoa matawi yaliyokufa na yanayosuguana. Kisha punguza mengine. Halafu tia samadi kuzunguka shina, bila kuigusisha na shina, na ufunike kwa majani makavu. Wakati wa maua, kata kidogo ncha za matawi yaliyomaliza kutoa, ili yachipue tena.

Wakati wa kiangazi mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki. Ukiona utitiri au wale wadudu weupe, kata sehemu zilizoharibika sana uzichome moto. Nyingine zioshe kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya majani, wakati jua limepungua. Wakizidi, muone bwana shamba au bibi shamba akiwa na tawi la kutazama mkononi mwako.

Kuchuma

Chuma matumba alasiri, kabla hayajafunguka. Tumba lililokomaa limevimba na ni jeupe kabisa. La kijani liache, ni la kesho au keshokutwa. Usiku likifunguka ndipo harufu inapotoka. Kwa hiyo mtu anayenunua matumba yako jioni ananunua harufu ya usiku ujao. Ukichuma maua yaliyokwisha kufunguka, unamuuzia harufu ya jana.

Yaweke katika jani la mgomba lililonyunyiziwa maji. Usiyabane na usiyaache juani. Kama ni ya harusi, patana na wenye shughuli mapema. Jua wanataka makoja mangapi, na kila koja lina matumba mangapi. Yahesabu. Ni aibu bibi harusi kukaa akisubiri koja ambalo halikutosha.

Daftari lako

Wewe sasa unajua kuandika. Weka daftari dogo la mwasumini wako. Andika hivi:

Machi 12. Nimechomeka vipande 10, kutoka kwa jirani.
Aprili 25. Vimechipua 6. Vimekufa 4.
Mei 8. Nimepanda miche 4 uani. Nimempa dada miche 2.

Ukianza kuchuma, andika idadi ya matumba ya kila siku. Mwaka wa pili, baada ya kupogoa, andika tena. Linganisha kurasa hizo mbili.

Maswali

1. Utautambuaje mwasumini wa nyumbani na ule wa porini?
2. Kwa nini mche wenye vinundu katika mizizi ni hatari kuliko mche uliokufa?
3. Kwa nini hatununui mbegu za mwasumini?
4. Koja moja lina matumba 80. Mmeagizwa makoja 6. Mtahitaji matumba mangapi? Kama mti mmoja unatoa matumba 60 kwa jioni, mtachuma miti mingapi?
5. Katika kijiji chenu, nani ana mwasumini unaotoa maua mengi? Nendeni mkamuulize anaupogoa lini.