Hesabu ya Damu ya Mtoto Njiti

Mtoto aliyezaliwa na kilo 1 ana damu ya takriban mililita 90 mwili mzima. Ukimtoa mililita 8 ni sawa na mtu mzima mwenye lita 5 aliyechangia mfuko mzima wa mililita 450 kwa Damu Salama. Tofauti ni kwamba mtu mzima atapumzishwa, atapewa kinywaji, na hataguswa tena mpaka miezi 3 au 4 ipite. Mtoto njiti anaweza kutobolewa tena kesho asubuhi.

Naandika haya kwa wauguzi na matabibu wa wodi za watoto wachanga hapa Mtwara: Ligula, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na vituo vya afya vinavyompokea mama kabla hajapewa rufaa. Nawaandikia pia mama na bibi wa Magomeni, maana mtoto akiruhusiwa, kazi iliyobaki ni yao.

Ipo njia ya kupima kwa uhakika wingi wa damu ya mtoto wa aina hii na muda ambao chembe zake nyekundu zinaishi. John Widness wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na wenzake akiwemo Donald Mock wa Arkansas, walizibandika chembe nyekundu alama ya bayotini, ambayo ni vitamini tu, kisha wakazirudisha mwilini. Zamani alama iliyotumika ilikuwa kromiamu yenye mionzi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme umeingiza nusu mililita ya chembe zenye alama, ukasubiri dakika kama 20 zichanganyike, ukachukua tone dogo na kukuta kila chembe 80 moja ina alama. Basi chembe nyekundu zote za mtoto huyo ni mililita 40. Ukirudia tone hilo kwa wiki kadhaa, unaona alama zinavyopungua na unapata umri wa chembe. Za mtu mzima huishi siku 120 hivi. Katika utafiti wao wa 2017, za watoto njiti wenyewe ziliishi siku 50 na kitu, na za watu wazima walizoongezewa watoto hao hao zikaishi kama siku 70.

Mashine ya kuhesabu alama hizo haipo wodini kwetu, na kumhudumia mtoto hakuihitaji. Lakini kuna jambo moja ambalo watafiti hao walilazimika kulitazama, nalo linatuhusu kila siku: mtoto anakua. Akikua, damu yake inaongezeka maji haraka kuliko inavyoongezeka chembe. Ukiwa na sufuria ya maji ya chumvi ukaongeza maji, ukionja utasema chumvi imepungua, kumbe iko yote mle mle. Ndivyo HB, kipimo cha himoglobini, inavyotudanganya. Inasema damu imekolea kiasi gani. Haisemi chembe zimekufa, zimetolewa, au zimesambaa tu katika mwili uliokua.

Kwa hiyo HB ya njiti isiandikwe peke yake hata siku moja. Chukua daftari la kawaida, mpe kila mtoto ukurasa wake. Andika tarehe, uzito wa siku hiyo, HB, damu imetoka wapi (kisigino au mshipa), na mililita zilizochukuliwa. Zidisha uzito kwa 90 upate mililita za damu. Zidisha kwa HB, gawa kwa 100, upate gramu za himoglobini alizonazo mwili mzima.

Tuchukue mfano. Mtoto ana kilo 1.2 na HB 14. Damu yake ni mililita 108, himoglobini yote gramu 15.1. Baada ya wiki nne ana kilo 1.7 na HB imeshuka mpaka 9. Zamu ya usiku inashtuka, ndugu wanaanza kutafutwa wachangie. Kaa chini upige hesabu kwanza: damu sasa ni mililita 153, himoglobini gramu 13.8. Amepungukiwa gramu 1.3 tu. Ukitazama safu ya mwisho ya daftari unakuta maabara imechukua mililita 10 katika wiki hizo nne, ambazo peke yake ni kama gramu 1.2. Mtoto huyu amekua vizuri, na kilichopungua karibu chote tumekichukua sisi wenyewe.

Sasa mwingine. Kilo 1.2, HB 14, wiki moja baadaye kilo ni 1.2 ile ile na HB ni 9. Himoglobini imeshuka kutoka gramu 15.1 hadi 9.7. Uzito haujasogea, kwa hiyo hapa kukua hakuna la kujitetea. Zaidi ya theluthi imepotea. Mwangalie kitovu, choo, utosi. Mwangalie macho kama yana manjano, linganisha kundi lake la damu na la mama, tafuta maambukizi, na kwa ukanda wetu usiache kupima malaria. HB ya watoto hawa wawili ni moja; kilichowatenganisha ni mzani.

Nisisitize: 90 ni makadirio. Mtoto mmoja atakuwa na 80 kwa kilo, mwingine 100, na siku za kwanza uzito hushuka kwa kupoteza maji. Daftari linakuonyesha pa kutazama. Uamuzi wa kuongeza damu unabaki kwa daktari, akiangalia pia mtoto anavyopumua, anavyonyonya na mapigo ya moyo wake. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa 2020, la Marekani na la Ulaya, yaliwalinganisha njiti walioongezewa damu mapema HB ikiwa bado juu na wale waliosubiriwa kidogo. Waliowahishwa hawakuonekana kunufaika zaidi, si kwa uhai wala kwa maendeleo ya ubongo. Ikifika pa kuongeza, kwa kawaida ni mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Basi omba mfuko mmoja ugawanywe kwenye mifuko midogo, ili akihitaji tena ndani ya muda salama apate damu ya mchangiaji yule yule. Kituo cha kanda cha Damu Salama kiko hapa hapa Mtwara. Jambo hili linazungumzika.

Hesabu yote hiyo inategemea tone lililochukuliwa vizuri, na hapa ndipo ninapoona tunakosea sana. Funika kisigino kwa kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika chache. Kijaribu kwanza kwenye mkono wako kisije kikamuunguza. Toboa pembeni ya kisigino, si katikati wala nyuma, na ncha isizame zaidi ya milimita 2. Futa tone la kwanza, liache la pili lijae lenyewe. Ukikamua mguu kwa nguvu unatoa maji ya nyama yakachanganyika na damu, na HB itasoma chini kuliko ilivyo. Damu ya kisigino pia husoma juu kuliko ya mshipa, kwa hiyo usilinganishe ya leo ya kisigino na ya juzi ya mshipani ukasema imepanda. Kipimo kidogo cha HB kinahitaji tone moja tu. Kama unatumia tyubu, omba zile ndogo za watoto; tyubu ya mtu mzima isijazwe kwa mazoea. Na damu iliyolowa kwenye pamba au iliyomwagwa wakati wa kusafisha mrija, nayo ikadirie uandike.

Kuhusu kikomo, mapitio yaliyochapishwa 2011 katika jarida la Shirika la Afya Duniani yalitazama damu inayochukuliwa kwa watoto kwenye tafiti: asilimia 1 hadi 5 ya damu yote kwa saa 24, na isizidi 10 kwa wiki 8. Kwa mtoto wa kilo 1, asilimia 10 ni mililita 9. Ukiwa na daftari utashangaa zinavyoisha upesi.

Damu ya kwanza tunayoweza kumpa njiti hatuitoi benki. Iko kwenye kondo. Kama mtoto anapumua na mama hatokwi damu kupita kiasi, kitovu kisibanwe kabla ya dakika 1. Hapo anaweza kupata mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, bure, na ni yake mwenyewe. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika Lancet 2023 ulionyesha kusubiri huko kunapunguza vifo vya njiti kwa karibu theluthi. Kitovu kikishakatwa, damu iliyobaki upande wa kondo inafaa kwa vipimo vya kwanza kama kundi la damu, mtoto asitobolewe.

Bibi mlezi naye ana haki ya kujua. Utamsikia: “Mjukuu wangu mdogo hivi, damu yote hiyo mnaipeleka wapi?” Usimkaripie. “Shikamoo bibi. Leo tumechukua nusu mililita, nimeiandika hapa, na wiki hii hatuchukui tena.” Mwonyeshe ukurasa. Mwisho wa siku yeye ndiye atakayemshika mama mkono abebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, na uzito unaopanda kwa sababu hiyo ndio unaoleta maana kwenye hesabu yako.

Nyumbani, mambo ni machache lakini yafuatwe. Madini ya chuma mtoto huyapata tumboni zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, na njiti ameikosa. Anayenyonya maziwa ya mama hupewa matone, kwa kawaida miligramu 2 hadi 4 za chuma halisi kwa kilo kwa siku, kuanzia wiki ya pili. Matone hupimwa kwa uzito, kwa hiyo kila anapoongezeka, kipimo kiulizwe upya kliniki, wala asiongezewe dawa nyingine ya damu ya dukani. Alale ndani ya chandarua. Asipakwe hina mwilini wala nyayoni, hata siku ya arobaini. Na nguo zake zisitunzwe sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu vyenye harufu kali. Huku pwani wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD bila mtu kujua. Hina na vidonge hivyo vinaweza kuzipasua chembe zao nyekundu kwa siku chache, mtoto akageuka manjano na mkojo ukawa mweusi. Akionekana hivyo, au akipauka, akipumua mbio, akichoka kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

HB ya njiti huwa chini kabisa kati ya wiki ya 4 na ya 8, wakati wengi wameshatoka wodini. Anayerudi Msimbati au Kilambo atapimwa na mtu mwingine kabisa. Kabla hajapanda gari, andika kwenye kadi yake ya kliniki, mstari mmoja: uzito wa leo, HB ya leo, ya kisigino au ya mshipa, tarehe ya kupimwa tena.